Mwaka Mbaya Ndio Kipimo

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, mji umekuwa mji wa michoro. Anayejenga hoteli siku hizi hatosheki na vyumba vya kulala na ukumbi wa mikutano. Anataka na spa: chumba cha mvuke, vitanda vya masaji, mabeseni ya kuoshea miguu, bwawa dogo, na mashine za kufulia taulo zinazozunguka kutwa. Msanifu anatoa mchoro uliopakwa rangi, mkadiriaji majenzi anapiga hesabu ya nondo, saruji na vigae, kibali cha ujenzi kinatafutwa, na fundi bomba anaitwa mwishoni kuulizwa mabomba yapite wapi. Maji yatatoka wapi mwezi wa kumi, na yatakwenda wapi mwezi wa kwanza, ni swali linaloulizwa ukuta ukiwa umeshasimama. Utaratibu huu wa kutanguliza picha na kuchelewesha maji haukuanza na spa. Una zaidi ya miaka sabini katika nyanda hizi za kati, na ukiufuatilia unakuta kwamba Dodoma haijawahi kukosa mipango. Kilichopungua ni kipimo. Waliopanga wakiutazama mwaka mbaya walijenga vitu vilivyodumu. Waliopanga wakiutazama mwaka wa wastani waliacha madeni, vyuma chakavu na ratiba zisizotimia.

Wastani wenyewe unajulikana. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya milimita kama 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kitupu, miezi saba hivi, na jua pamoja na upepo vina uwezo wa kunyonya kwenye maji yaliyo wazi zaidi ya mara tatu ya kile kilichoshuka. Lakini hizo milimita 570 hakuna mkulima aliyewahi kuzipokea. Ni jumla ya miaka minono na miaka mikavu iliyogawanywa kwa idadi yake, na ndani ya mwaka mmoja nako mambo hayalingani: mvua inaweza kumwagika siku chache za Januari, makorongo yakajaa mpaka yakakata barabara, kisha wiki kadhaa zikapita bila tone wakati mtama unachanua. Mwaka mbaya wa Dodoma una sura mbili, ukame na mafuriko, na mara nyingine sura zote mbili zinajitokeza katika msimu mmoja. Anayepanga kwa wastani anaziacha zote mbili nje ya mchoro wake.

Wagogo, wenyeji wa nyanda hizi, hawakuziacha. Itazame tembe, nyumba yao ya asili, kama mpango, siyo kama alama ya umaskini ilivyoonwa na wasafiri wengi waliolalamikia ufupi wake na giza lake. Nguzo za miti migumu husimikwa, juu yake hulazwa boriti, kisha fito, kisha matawi na nyasi, na mwisho tabaka nene la udongo. Kuta ni fito zilizokandikwa. Vyumba hujipanga kwa mstari kuzunguka ua ambamo mifugo hulala, na familia ikikua mstari unaongezwa. Kila kitu hupatikana kwa umbali wa kutembea. Paa bapa la udongo halifai mahali pa mvua nyingi, lakini hapa linapunguza joto la mchana na ukali wa baridi ya usiku, na linatumika kuanikia nafaka. Mvua kubwa ikija, linavuja. Hilo linajulikana, na dawa yake ni udongo mwingine na kazi ya siku chache. Mjenzi wa tembe hakujidai kuwa nyumba haitashindwa. Alihakikisha kwamba ikishindwa, gharama ya kuirudisha ni ndogo. Hesabu hiyohiyo ilitawala mambo mengine: visima vilichimbwa kwenye mchanga wa makorongo, ambako maji hujificha chini baada ya mto kukauka, shambani kulipandwa mtama na uwele, mazao yanayovumilia kiu, na ng'ombe hawakuwekwa mahali pamoja bali waligawanywa kwa ndugu na marafiki wa sehemu mbalimbali, ili ukame wa eneo moja usimalize zizi lote.

Hata hongo, ule ushuru uliowakera sana wapita njia wa karne ya 19, unaeleweka vizuri zaidi kwa kipimo hiki. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuwa na njia rahisi ya kuikwepa Ugogo. Ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikafika kwa watemi waliomiliki visima na chakula. Henry Morton Stanley, alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alilipa kwa vitambaa huko Mvumi na kwingine, na kama wenzake akaandika kwa hasira juu ya madai hayo. Vitabu vya wasafiri vinayaita unyang'anyi. Lakini msafara wa mamia ya wapagazi ukisimama kisimani siku mbili mwishoni mwa kiangazi, unakunywa akiba ya watu watakaobaki pale baada ya wageni kuondoka. Bila shaka wapo watemi waliotoza kwa tamaa tu. Hata hivyo, msingi wa bei hiyo ulikuwa wa haki: maji ya Ugogo yalithaminiwa kwa kile ambacho yangegharimu siku yatakapokosekana, na aliyeyataka alijadiliana kabla ya kutua mizigo.

Hapa mtu ana haki ya kupinga. Kama wenyeji walipanga kwa mwaka mbaya, mbona njaa iliwaua? Ile iliyokumbukwa kwa jina la Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na iliyoendelea baada yake, ilivunja jamii nzima. Watu waliuza mifugo, waliwaacha jamaa njiani, na wengi walikufa. Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa kuyasifu mambo ya kale. Jibu liko katika mpangilio wa matukio. Kabla mvua haijakatika, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta maghala matupu na mazizi yaliyopunguzwa. Njia za zamani za kujikinga zilihitaji akiba, na akiba ilikuwa imekwisha chukuliwa. Kwa hiyo Mtunya hainyimi nguvu hoja hii, inaipanua. Mwaka mbaya hauletwi na mawingu peke yake. Vita, watawala na bei za soko nazo huleta mwaka mbaya, na mpango unaohesabu mvua tu umehesabu nusu.

Mfano mkubwa wa kupanga kwa wastani uko Kongwa, mashariki mwa mji wa Dodoma. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita ya Pili, ililipokea pendekezo la Frank Samuel wa kampuni ya United Africa la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki kama tisa, sehemu ya uchunguzi ikifanyika kwa ndege, ukarudi London na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Takwimu za mvua za Kongwa zilikuwa chache mno kubeba uzito wa mpango kama huo. Kazi ilianza 1947. Lengo la msimu wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Mizizi ya vichaka ilivunja matrekta yaliyonunuliwa kutoka kwenye mabaki ya vita. Udongo, uliolimika vizuri ukiwa na unyevu, ulikauka ukawa mgumu kama saruji wakati wa kung'oa karanga, na chembe zake kali zikala majembe ya chuma. Kisha mvua zikakatika katika msimu wa 1948 na 1949. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo ikiwa imefuta karibu pauni milioni 36.

Wapo wanaosema Kongwa haikuangushwa na hali ya hewa, ila na haraka ya wanasiasa, mashine chakavu, reli na bandari ya Dar es Salaam iliyoelemewa. Wanaongeza kuwa mradi ulishindwa pia Urambo na Nachingwea, ambako mvua ni tofauti. Yote ni kweli. Lakini haraka hiyo ilitoka wapi? Ratiba ya kufyeka na kupanda ilidhani kwamba kila msimu ungefanana na uliotangulia. Mpangaji aliyekubali kuwa msimu wowote unaweza kuanguka angeanza na shamba dogo la majaribio, angeona udongo wa Mei kabla ya kuagiza matrekta ya Januari, na angeitenga fedha ya misimu iliyoshindwa kabla ya kuigawa fedha ya misimu iliyofanikiwa. Shamba la majaribio la misimu michache lingegharimu sehemu ndogo sana ya hasara ile. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo iligeuzwa ranchi ya Kongwa. Ng'ombe, waliokuwa jibu la Wagogo tangu mwanzo, wakarudi baada ya mamilioni kuteketea.

Miaka ishirini baadaye nchi huru ilishika kalamu. Mwaka 1966 Joseph Nyerere, mdogo wake Rais Julius Nyerere, alipeleka bungeni hoja ya kuhamishia makao makuu Dodoma, ikakataliwa kwa sababu ya gharama. Oktoba 1973 chama tawala, TANU, kiliamua kuhama, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto ilikabidhi mpango kabambe wa mji. Ungekosea kuuweka kapu moja na wa Kongwa. Waandishi wake waliisoma ardhi: majengo yangekuwa mafupi na kufuata miinuko, vilima vingeachwa wazi, miti ingepandwa, watu wangeishi katika jumuiya ndogo zenye huduma zao kwa mujibu wa fikra za ujamaa, na anayetembea kwa miguu au kupanda basi angepewa nafasi mbele ya mwenye gari. Ni mpango uliojua unajenga wapi.

Udhaifu wake ulikuwa katika kalenda na mfuko. Uhamisho ulitarajiwa kukamilika kwa miaka kumi, matarajio yanayohitaji bajeti ya taifa isiyoyumba. Na mwaka mbaya ukaja kwa sura nyingine. Bei ya mafuta ilipanda mwishoni mwa 1973, ukame wa 1974 ukalazimisha nchi kununua chakula nje, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita na Uganda vikaanza 1978. Kila pigo lilikula fedha za saruji na mabomba. Ofisi zikabaki Dar es Salaam, viwanja vikapimwa haraka kuliko vilivyofikishiwa huduma, na wananchi waliochoka kungoja wakajijengea. CDA ilivunjwa Mei 2017, mji ukiwa ndio kwanza unajazwa na uhamisho ulioahidiwa zaidi ya miaka arobaini nyuma. Huwezi kuwalaumu wapangaji kwa kutoiona vita ya Uganda. Unaweza kuuliza kwa nini mpango haukugawanywa katika vipande ambavyo kila kimoja, fedha zikikatika hapo, kingeweza kutumika chenyewe, kama mstari wa vyumba vya tembe.

Ushahidi wa karibu zaidi dhidi ya wastani unapatikana chini ya ardhi. Mji umenyweshwa kwa miongo mingi na visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, vinavyoendeshwa sasa na mamlaka ya maji ya jiji, DUWASA. Kina cha maji ya visima hivyo kimeandikwa tangu miaka ya 1950, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliichambua rekodi hiyo ya miaka 55. Uligundua kuwa bonde halijazwi kidogo kidogo kila masika. Kwa miaka kadhaa mfululizo maji hushuka, hata mvua ikiwa ya kawaida. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua zisizo za kawaida, mara nyingi mwaka wa El Niño, na bonde linapanda kwa mkupuo. Ongezeko kubwa kuliko yote lilifuata mvua za 1997 na 1998. Kwa maneno mengine, mwaka wa wastani katika Makutupora ni mwaka wa kupoteza. Mvua zilezile zinazosomba madaraja na kukata reli kati ya Kilosa na Gulwe, kama zilivyofanya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ni za jamii ya mvua zinazolijaza ghala la mji. Wakati huohuo wanywaji wanaongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa, ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Bwawa la Hombolo, lililojengwa enzi za ukoloni, linaonyesha kwamba kukusanya maji ya juu nako hakuondoi tatizo. Mchanga umelijaza na chumvi imeongezeka kadiri jua linavyolikausha.

Atakayesema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati anayo hoja. Bomba la Ziwa Victoria limekwisha fika Tabora, ipo mipango ya kulileta Dodoma, na bwawa la Farkwa huko Chemba limekuwa likizungumzwa kwa miaka mingi. Mashine za kisasa zinachimba kisima kirefu kwa siku chache. Mimi siyapingi mabomba. Ila maji yanayosafiri mamia ya kilomita yanategemea umeme, pampu, vipuri na bajeti, na kila kimoja kina mwaka wake mbaya. Kisima cha kwenye kiwanja kinachimbwa katika ardhi ileile ambayo jirani naye anachimba, na maji yake mara nyingi huwa ya chumvi. Teknolojia inaweza kuubadilisha mwaka mbaya, haiufuti. Pingamizi la pili ni gumu zaidi: anayepanga kwa mwaka mbaya hatajenga chochote, na kama Tanzania ingesubiri uhakika wa maji, makao makuu yangekuwa Dar es Salaam hadi leo. Lakini kipimo hiki hakimzuii mtu kujenga. Kinabadilisha kinachojengwa kwanza, ukubwa wa hatua ya kwanza, na mahali pa kuweka akiba. Wagogo waliishi hapa, wakafuga, wakaitoza kodi misafara tajiri. Hiyo si historia ya watu walioogopa kuanza.

Pwani nayo ina ushahidi wa upande huu. Hamamni, ile hamamu ya umma ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilijengwa enzi za Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Utawala huohuo ndio uliovuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi ndani yake. Bafu na mfereji vilikuwa sehemu ya fikra moja, na hapo ni kisiwani, kwenye mvua zaidi ya mara mbili ya Dodoma. Anayejenga bafu la kifahari Ugogo hana sababu ya kuanza na vigae.

Tukirudi kwenye mchoro wa hoteli, kupanga kwa mwaka mbaya kuna maana ya kazi zinazojulikana, zote za kufanywa kabla ya msingi kuchimbwa. Kwanza ni kujumlisha maji yanayotumiwa na kila mteja, yakiwemo ya kufua taulo zake, kisha kuzidisha kwa siku ambazo mgao unaweza kudumu; jibu ndilo linaloamua ukubwa wa tangi la chini na simtanki za juu, na tangi la chini haliongezwi baada ya sakafu kumwagwa. Pili ni kuyapima maji yenyewe maabara, kwa kuwa maji ya chumvi huacha ukoko mweupe ndani ya mashine ya mvuke na kuiua mapema, na mtambo wa kuyachuja nao unadai chumba na umeme. Tatu ni kuamua maji machafu yaende wapi, na kutenga ya mabeseni na kufulia ili yamwagilie bustani, huku mitaro ikipimwa kwa mvua kubwa ya Januari na siyo kwa manyunyu. Nne ni kuugawa mradi: vyumba vya masaji, vinavyotumia maji kidogo, vianze na vilete mapato, bwawa na chumba cha mvuke vifuate baada ya kiangazi kizima kuonyesha tangi linahimili nini. Gharama ya hesabu hizi ni ndogo kuliko bei ya vigae vya ukuta mmoja, na zikionyesha kwamba eneo halibebi spa, mwenye mradi atakuwa amepoteza karatasi tu. Kongwa walilipa pauni milioni 36 kulipata jibu la aina hiyo.